Kundi la Waliochelewa

Mzee Ndirangu,

Bahasha ilifunguliwa Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Wewe ndiye uliyestahili kuambiwa wa kwanza, na kwa kuwa umelala kule kwenye shamba lako la kahawa ambako simu haifiki, nimechukua kalamu. Ningekuja nikuambie kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ulishatugharimu vya kutosha.

Yaliyokuwamo nitakuambia. Nipe nafasi kidogo tu, maana nikianzia hapo sitaweza kuendelea.

Siku hizi asubuhi naingia mimi. Saa moja niko mlangoni mwa nyumba ya panya, nimenawa kwa ile sabuni isiyonukia, na nywele sizipaki mafuta siku za kazi hata wenzangu wakinicheka kwamba nimeokoka. Wiki mbili za kwanza panya walinikataa. Nikifungua kizimba wanakimbilia pembeni na kurundikana, wanamsubiri mtu mwingine. Sikuwalaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa namsubiri mtu mwingine. Sasa wamenizoea. Juzi tuliletewa maganda ya mpunga kutoka Mwea ya kuwatandikia, magunia yamejaa vumbi, nikayarudisha yote. Dereva akaniuliza kwani hawa panya ni wakwe zangu. Nikamjibu kama ulivyokuwa ukijibu wewe: "Panya akikohoa, mimi nitaandika nini kwa kitabu? Dawa ama vumbi?" Aliondoka akinung'unika.

Siku ya mazishi yako nilikasirika, na unanijua mimi mtu wa Timau, hasira zangu hazingoji kuchochewa. Wasifu wako ulisomwa mbele ya umati: mume, baba, mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, na kwamba "alihudumu serikalini upande wa mifugo". Mifugo! Mzee, panya wako wamepandishwa cheo wakawa ng'ombe. Najua familia haikuwa na nia mbaya. Mkeo mwenyewe, Mama Njeri, aliniambia kwamba miaka yote hiyo ulikuwa ukibadilisha nguo kwenye banda la kuku kabla hujaingia nyumbani, ili majirani wasipate la kusema. Lakini nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikaona tunamzika mtu nusu. Basi acha niandike nusu iliyobaki.

Nilikuja kwako nikiwa na shahada moja na kiburi cha shahada tatu. Daktari Atieno, mkuu wa utafiti wetu, alinileta mpaka mlangoni akasema huyu ndiye atakayekufundisha. Nikaona gambuti, nikaona koti lenye kiraka, nikachungulia nyuma yako kumtafuta huyo mwalimu. Uliniona nikichungulia. Ulinipa panya mweupe mkononi, akaning'ata kidole mpaka damu ikatoka, ndipo ukafungua kinywa: "Amekusoma huyo. Wewe uko na haraka." Wiki nzima hukuniruhusu kufanya kazi nyingine yoyote. Kumtoa panya, kumshika, kumrudisha. Kumtoa, kumshika, kumrudisha. Nilimpigia mama simu nikamwambia nimesoma miaka minne chuo kikuu ili niwe yaya wa panya.

Kazi yenyewe, kama waombolezaji wangejua, ilikuwa kujaribu dawa ya baridi yabisi, ule ugonjwa unaovimbisha viungo na kupinda vidole. Panya wanadungwa sindano inayoamsha ugonjwa miguuni. Halafu wengine wanapewa dawa, na wengine wanapewa maji tu yaliyotiwa rangi ile ile. Mtu mmoja anatoa dawa. Mtu mwingine anapima uvimbe wa kifundo cha mguu, na huyo anayepima haambiwi nani amepewa nini. Orodha inafungwa ndani ya bahasha na bahasha inafungiwa kabatini kwa Daktari. Mimi nilikuwa mtoa dawa. Wewe ulikuwa mpimaji, na ile kalipa yako ya chuma ya kupimia unene uliyoifuta kwa kitambaa cha flana kama mtu anayefuta miwani.

Sijawahi kumwona mtu anapima vile. Mguu mmoja mara tatu, na kama namba hazikukubaliana, unamrudisha panya apumzike, unaanza upya. Uliwachania magazeti ya zamani yawe matandiko laini. Ulianza kuwamwagia chakula chini, kwa sababu panya mwenye mguu mbovu hawezi kusimama afikie kapu la juu. Nilikuuliza kama hayo yameandikwa kwenye kanuni. Ukasema, "Ugonjwa tumewapa sisi. Hatuwezi kuwapa na njaa tena." Baadaye nilikuta kweli yameandikwa, kwenye kitabu kinene ambacho wewe hukuwahi kukifungua.

Na mikono yako. Mwezi mzima sikujua, kwa sababu ilikuwa ndani ya glavu. Siku ulipozivua mbele yangu nikaona vidole vyote vimelalia upande mmoja, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Niliganda pale na sahani ya chakula cha panya mkononi. Uliniambia uliyachukulia maumivu kuwa baridi ya hapa Nyeri, miaka mingi, ukijipaka dawa ya kuchua na kuvaa soksi mikononi usiku, na ulipofika hospitali daktari alikuambia mifupa ilishaamua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulikuwa mkali kuliko hata Daktari mwenyewe. Ulinieleza mara moja tu, nami nililiandika nyuma ya daftari langu:

"Kawira, mimi nataka hii dawa ifanye kazi kushinda nyinyi wote. Ndio maana usiniambie kitu. Nikijua, hii mkono yangu itadanganya, na mimi mwenyewe sitajua imedanganya."

Nimekutana na watu wengi wenye vyeo. Sijapata kusikia mmoja wao akiuogopa mkono wake mwenyewe namna hiyo.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Julai, ile wiki ukungu ulikataa kuondoka. Asubuhi hiyo vidole vyako vilikuwa vimekaza kabisa, kalipa ilikuponyoka mara mbili ikaanguka sakafuni, na mara ya pili hukuinama kuiokota. Uliitazama tu. Mzee, sikuweza kuvumilia. Nikaiokota, nikakuwekea kiganjani, nikasema kwa sauti ya chini nikidhani nakupa zawadi: "Usijali, wale wa rafu ya chini wanapona. Ngoja tu, utaona."

Uliirudisha kalipa kwenye sanduku lake. Ulifunga kizimba. Ulivua glavu, ukanawa mikono polepole, ukafungua kitabu cha vipimo ukaandika kwa yale maandishi yako makubwa: Kawira ameniambia. Mimi sipimi tena. Ukatia sahihi na saa. Halafu ukaenda ofisini kwa Daktari kujisema mwenyewe, kama vile wewe ndiye uliyekosa.

Nilikuchukia siku ile. Nakuambia kwa sababu barua hii haina haja ya heshima za uongo. Nilikuwa nimebakiza wiki chache tu nikusanye matokeo ya shahada yangu ya pili, na matokeo yalikuwa mazuri, yalikuwa yanang'aa. Nilikufuata uani nikakupigia kelele. Nani angejua? Si tulikuwa wawili tu mle ndani? Ulinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Ulisema jambo moja, ukiwa umeangalia pembeni: "Hawa panya wote wameumia bure sasa. Harafu wewe unalilia karatasi."

Mdomo uliponza kichwa. Kubadilisha mpimaji katikati kungeharibu kila kitu, kwa hiyo jaribio zima lilitupwa. Nililazimika kuiandikia kamati ya maadili nieleze kwa nini tunahitaji panya wengine, na Daktari Atieno alikataa kunisaidia hata sentensi moja. "Andika ulichofanya," alisema, "kwa Kiswahili ama Kiingereza, bora kiwe kweli." Siku ya kuwalaza wale wa jaribio la kwanza usingizi wa mwisho, uliwashika mmoja mmoja wewe mwenyewe, kwa sababu ulisema panya hapaswi kupewa mgeni siku yake ya mwisho. Na ulinitaka nisimame pale nione wote. Nilisimama. Wa mwisho alikuwa yule aliyening'ata.

Ulikuwa umebakiza miezi michache ustaafu. Mama Njeri alishapanga kahawa itachumwa na nani na wewe utakaa upande gani wa jiko. Ukaenda kumwambia unabaki mpaka jaribio la pili liishe. Najua alichosema, maana aliniambia yeye mwenyewe, na alinitazama alipokuwa akiniambia.

Lakini hili ndilo nililotaka lisomwe kwenye wasifu wako, wote walisikie, mpaka wale waliokaa nyuma kabisa chini ya hema. Kabla ya jaribio la pili, Daktari alituita kupanga makundi. Makundi ya kawaida: wa dawa, wa maji. Ulikuwa umekuja kuchukua funguo tu. Ukasimama mlangoni, kofia mkononi, ukasema:

"Daktari, nyinyi mnapeana dawa mguu ikianza tu kuvimba. Rakini watu hawakuji hivyo. Watu wanakuja kama mimi, mguu ikishapinda. Si muweke wengine wapewe wakiwa wamechelewa, tuone?"

Daktari Atieno aliweka kalamu chini. Alikuuliza swali moja, wangapi, ukamjibu watoshe kupima bila kubahatisha. Akachora kundi la tatu ubaoni palepale, na juu yake akaandika: Waliochelewa. Mimi nilikuwa nimesoma kurasa na kurasa za maandishi ya wataalamu na jambo hilo halikunijia hata ndotoni. Nilijivunia kukujua wakati huo, ingawa bado nilikuwa nimekununia.

Jaribio la pili hata mimi nilifungwa macho. Chupa zilikuja na herufi tu, na mtu wa kuzijaza alikuwa jengo jingine kabisa. Tulifanya kazi wiki baada ya wiki, wewe na kalipa yako, mimi na kitabu, tukiwa vipofu wawili tunaoshikana mkono. Mazungumzo yetu yakawa chakula, mvua, na bei ya viazi. Asubuhi ambazo vidole vilikukatalia, nilikupashia maji kwenye karai, ukavichovya mpaka vikalegea, na sikusema lolote. Hilo la kutosema nadhani ndilo pekee nililowahi kukupa la maana. Wewe nawe hukuwahi kuniuliza. Lakini nilikuona ukimaliza kupima vile vizimba vilivyopewa chupa mwisho, za dawa au za maji hatukujua, unakaa navyo kidogo, unawaangalia wanavyokanyaga. Nilijua unajipima.

Ulipima mguu wa mwisho siku ya Jumanne. Ulitia sahihi. Ijumaa kifua kikakubana, Jumapili tukapigiwa simu. Nimonia, walisema. Nilikuwa nikianika nguo nikakaa chini palepale chini ya kamba, na shuka lenye maji begani.

Basi, Alhamisi. Tulikuwa wachache: Daktari Atieno, mtu wa hesabu, mimi, na profesa mmoja mgeni kutoka Nairobi ambaye hutukagua. Daktari alichana bahasha kwa ufunguo wa gari. Mtu wa hesabu akaoanisha herufi na namba zako.

Waliopewa dawa mapema, uvimbe ulishuka. Ulishuka kweli, Mzee. Si kwa kiasi kile cha jaribio la kwanza nililokuwa nimeanza kulichezea ngoma, na ninaogopa kufikiria kwa nini lile lilikuwa zuri vile. Uvimbe umeshuka kwa kiasi, kwa kila mmoja wao, na vipimo vyako vilikaribiana mpaka mtu wa hesabu akauliza ni mashine gani tuliyotumia.

Waliochelewa hawakupata kitu. Walikanyaga vizuri kidogo siku za mwanzo, ikaishia hapo. Miguu iliyokuwa imepinda ilibaki imepinda.

Isingekusaidia. Ungekuwa hai na tukakupa hii dawa kesho, vidole vyako vingebaki vilivyo. Tangu Alhamisi nimeanza barua nyingine mbili za kukuambia tu kwamba dawa imefaulu, ambalo si uongo, na ambalo lingekupa usingizi mzuri. Nimezichana. Nilishakufariji mara moja. Najua jibu hili ndilo ulilokuwa unalitafuta ukikaa mbele ya vile vizimba, na najua ungelisikiliza ukiwa umesimama, ungetikisa kichwa mara moja, na kuuliza kama panya wa leo wamepata maji. Mimi nililia kwa niaba yako. Nililia mbele ya profesa.

Na yeye ndiye aliyeuliza. Alisema amekagua kazi nyingi za aina hii, na wengi huanza dawa mapema ili ionekane inafaa. Akataka kujua nani aliyefikiria kundi la tatu. Daktari Atieno aliniangalia. Nikasimama, kamasi na yote. Nikasema: ni Mzee Ndirangu, mtunza panya wetu. Alisoma mpaka darasa la saba. Ndiye aliyepima kila mguu mnaouona hapo, kwa mikono iliyokuwa na ugonjwa wenyewe, na jaribio la kwanza alilikataa kwa sababu mimi nilimwambia siri. Hilo la mwisho hakuna aliyenilazimisha kulisema. Profesa aliniomba nimwandikie jina lako vizuri, herufi kwa herufi. Daktari akasema jina hilo litakuwa kwenye makala pamoja na yetu, na si kule chini kwenye shukrani kwa wapishi na madereva. Nilitoka nje nikapiga kigelegele kwenye ua wa maabara peke yangu. Askari wa lango alidhani nimechumbiwa.

Bila lile kundi lako tungetangaza tumepata dawa ya baridi yabisi, basi, nukta. Na watu wenye vidole kama vyako wangeingoja. Sasa tunajua inachoweza na isichoweza. Safari bado ni ndefu kabla haijafika kwa mwanadamu yeyote, lakini inaondoka hapa ikiwa na ukweli, na ukweli huo umetoka kwako.

Jambo moja hukulijua, au ulilijua ukanyamaza. Siku ile baada ya kaburi kufunikwa, tulipokuwa tunagawa chai, nilimwona binti yako Njeri anashika kikombe kwa viganja vyote viwili, vidole vimenyooka havikunjiki. Nikamvuta nyuma ya ghala nikamuuliza. Akasema ni cherehani, ati mafundi wote wa nguo pale Karatina wako hivyo asubuhi, jua likitoka vinafunguka. Nilivishika. Vifundo vilikuwa vya moto na vimevimba, na Mzee, wewe ulinifundisha kushika. Vidole bado vimenyooka. Havijalalia upande wowote.

Nilimpigia Alhamisi ile ile, kabla sijampigia mama yangu. Nimemweleza kundi la tatu lilivyotokea. Jumanne nampeleka kwa daktari wa viungo. Si kwa dawa yetu, hiyo bado ni ya panya, ila ziko za watu, na anayeziwahi zinamfaa. Alinipa visingizio, sare za shule zinangojewa, wateja watamkasirikia. Nimemwambia Jumanne saa mbili nitakuwa nimesimama mlangoni pa duka lake, na asipotoka nitaingia nimbebe na cherehani yake. Alicheka, akasema sasa ameelewa kwa nini baba alikuwa akirudi nyumbani amechoka.

Kwaheri, Mzee wangu. Pumzisha mikono hiyo. Wewe ulichelewa, na panya wako wamenionyesha kuchelewa ni nini. Nakuahidi, Njeri hatachelewa.

Mwanafunzi wako,
Kawira